Bamvua na Mimba ya Kwanza: Uchambuzi wa Kisa cha Ngalawa, Nungwi

Aliyekileta kisa hiki kwangu, mimi msuluhishi wa magomvi ya ndoa, ni somo wa mke, yaani mwanamke aliyemfunda. Ni mtu mzima, ameingia nyumba nyingi za watu huku kaskazini Unguja, na alianza kwa kuniondolea hofu: hakuna aliyepigwa, hakuna talaka, hakuna mke mwenza. "Ni ngalawa tu," alisema. Kwa ninavyojua, ugomvi wa "ni kitu fulani tu" ndio unaokula vikao vingi, kwa sababu kila upande unaona haya kuuita ugomvi.

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasitambulike. Mengine yalikwenda hivi hivi.

Wenyewe

Mume ana miaka 29, mzaliwa wa Nungwi, fundi viyoyozi katika hoteli moja ya pwani. Zamu yake ni ya asubuhi, anatoka saa tisa alasiri. Baba yake alikuwa mvuvi maisha yake yote, ila kijana hakuifuata kazi hiyo. Bahari kwake ni mapenzi, si riziki. Yeye na wenzake watano wana ngalawa ya resi ya shirika. Mtumbwi ni wa mwembe, tanga la kushona kwa mkono, na yeye ndiye anayetoka nje kukaa juu ya mrengu, ile boriti inayotoka ubavuni, upande wa joshini unakotoka upepo, upepo unapokaza, ili chombo kisilale. Kazi hiyo haitaki uzito wa mwili peke yake. Inataka mtu anayejua upepo utalegea lini kabla haujalegea, maana akibaki nje kitambo kidogo tu kuliko inavyotakiwa, wote wanaogelea. Kwa hiyo alijiona hana mbadala, na wenzake walimwambia hivyo hivyo.

Mke ana miaka 25, anafundisha skuli ya msingi. Kwao ni Mkwajuni, watu wa muhogo na migomba. Kwa kilomita si mbali na bahari, lakini kwa mazoea ni mbali. Hakukulia nyumba ambayo mtu hutaja maji kwanza ndipo aseme atarudi saa ngapi. Hili lilikuja kuwa na uzito kuliko nilivyodhani mwanzo.

Kwa msomaji asiye wa pwani: bamvua huja mara mbili kila mwezi wa Kiislamu, mwezi unapoandama na unapopevuka, na hukaa siku kadhaa. Pande zetu, bamvua ikiwa imekolea, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kabisa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku huchelewa kwa kama dakika 50, mpaka yakafika maji mafu, ambapo alasiri chombo kimelala mchangani na huna la kukifanya. Sasa mchukue mtu anayetoka kazini saa tisa, mwezi wa Juni, kusi likivuma. Siku za bamvua kila kitu kinamkuta yuko huru: maji yapo, upepo upo, wenzake wapo. Siku nne tano haonekani nyumbani mpaka magharibi imepita. Halafu wiki nzima anashinda ndani, anamenya mbatata, anafungua feni ya jirani. Halafu anapotea tena.

Kwa upande wake huo ulikuwa utaratibu ulionyooka. Mkewe aliona mtu ambaye leo yupo kesho hayupo, na hakuwa na njia ya kujua lipi litakuja lini. Walikuwa wameoana miaka miwili na hili lilikuwa halijasemwa hata mara moja, kwa sababu kwa mume halikuwa jambo la kusemwa. Nani humweleza mtu kuwa maji yanajaa?

Siku yenyewe

Katikati ya Juni, mimba ikiwa ya wiki 28, mke alirudi kutoka skuli mchana na kichwa kinamuuma na miguu imevimba. Alijilaza. Baada ya alasiri kichwa kikazidi, akaanza kuona vimulimuli. Kliniki walikuwa wameshamwambia: kichwa kisichotulia, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, maumivu makali juu ya tumbo, kutokwa na damu, mtoto kupunguza kucheza, yote hayo si ya kungoja kesho. Baada ya wiki ya 20 dalili hizo zinaweza kuwa za presha ya mimba, na presha hiyo ikiachwa inaweza kufika kwenye kifafa cha mimba.

Akampigia mumewe. Simu ikaita ndani ya vespa iliyofungwa, chini ya mkungu, pwani. Akapiga tena na tena. Mwishowe jirani mwenye gari ya abiria akamchukua hadi hospitali ya Kivunge. Wakampima: presha imepanda kidogo, mkojo hauna protini. Wakampumzisha mpaka ikashuka, wakamruhusu kwa sharti la kurudi kupimwa mara kwa mara.

Mume alirudi akakuta mlango umefungwa. Alifika Kivunge na kaptula yenye chumvi, mchanga miguuni, na kumkuta mama mkwe keshatangulia, maana kutoka Mkwajuni ni karibu. Mama mkwe hakuupokea mkono wake. Usiku ule mke alilala kwao.

Kila mmoja na lake

Mama mkwe alikuwa na neno moja: aiache ngalawa. Si kupunguza, kuiacha. Mtu anayekwenda kuwa baba hachezi.

Wenzake walisema mimba ni jambo la wanawake, mwanamume zamu yake inaanza mtoto akishafika. Mmoja wao ana watoto watatu, na alilisema hili kwa uhakika wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza mkewe.

Baba yake, mzee wa watu, alicheka. "Wewe umezaliwa mimi niko dago. Na wenzio watatu vilevile. Nani aliyekufa?"

Neno la mzee ndilo lililomkaa kijana. Baba alikuwa akienda dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, wiki nzima, wiki mbili, na nyumba haikuvunjika. Yeye anatoka kwa muda wa saa mbili tatu tu jioni na anafanywa mkosaji. Alinieleza hivyo mwenyewe baadaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa kweli.

Alipoacha

Lakini kabla hajafika kwangu alikuwa ameshafanya jambo kubwa. Siku ya tatu alikwenda Mkwajuni, akakaa mbele ya wakwe na wazee wawili, akatangaza kuwa ngalawa ameiacha. Shea yake alimwachia mmoja wa wenzake kwa bei ya kutupa. Wakamsifu, wakasoma dua, mke akarudi Nungwi na mumewe.

Karibu mwezi mzima hakugusa maji. Ukihesabu kwa macho ya watu, tatizo lilikuwa limekwisha. Hebu tuangalie mke alipata nini.

Saa tisa mume alitoka kazini, akaenda maskani, kijiweni kwa wanaume wenzake. Dhumna, kahawa, maneno, mpaka saa nne usiku. Maskani haina bamvua wala maji mafu. Ngalawa ilimrudisha magharibi, dhumna haikuwa na cha kumrudisha. Ile wiki ya maji mafu aliyokuwa akishinda nyumbani nayo ikapotea. Nyumbani maji ya bomba hutoka usiku wa manane, na zamani alikuwa akiamka kujaza madumu bila kuambiwa. Sasa alilala. Mke, mimba ya miezi saba, akawa anabeba ndoo mwenyewe. Alipomwambia, alijibiwa kwa sentensi ambayo ikawa inarudi kila siku ya Mungu: "Mimi nimeacha ngalawa kwa ajili yako, bado unataka nini?"

Hapo ndipo somo alipokuja.

Nilikaa na mke, somo akiwepo. Nilitarajia malalamiko ya bahari. Alisema: "Mimi sikumwambia aache. Nilimwambia aniambie."

Ninavyoliona

Kuacha kule hakukuwa kwa ajili ya mke. Kulikuwa kwa ajili ya kikao. Mtu aliyetiwa aibu mbele ya watu alitafuta kitu kikubwa cha kutoa mbele ya watu, akakitoa, na kwa kuwa kilikuwa kikubwa kweli akaona deni lote limelipwa na chenji anadai. Nimeiona sura hii zaidi ya mara moja kwa wanaume wanaongoja mtoto wa kwanza: anauza pikipiki, anavunja genge la mpira, anakabidhi udi wake wa muziki kwa mdogo wake, kisha anakaa nyumbani kama mtu aliyefungwa jela na wa kumwangalia ni mkewe. Kafara ya namna hii inamgharimu sana anayeitoa, na anayetolewa hapati kitu. Mke alihitaji mtu wa kujaza madumu usiku na simu inayopokelewa. Alipewa shea ya ngalawa, ambayo hata hakuwa na mahali pa kuiweka.

Basi nikarudi kwa yale maneno ya mzee kuhusu dago, kwa sababu yalikuwa na jambo ndani yake, ila si lile alilokusudia. Nilimwendea mama yake kijana, bibi wa mtoto anayekuja, nikamuuliza alikuwa akikaaje mume akienda dago na yeye ana mimba. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa akijua, alisema. Giza likiingia wanaondoka, mbalamwezi ikikua wanarudi, maana dagaa hawavuliwi kwa taa wakati mwezi unaangaza. Kabla hajaondoka aliacha gunia la mchele na neno dukani kuwa mke akihitaji sukari apewe. Na wifi yake alihamia kulala naye mpaka siku ya kurudi. Uchungu wa mtoto wa pili ulipomjia usiku, wifi ndiye aliyekwenda kumwita mkunga. "Hayupo, lakini nyumba haikuwa tupu," alisema.

Hilo mzee alilisahau alipokuwa anacheka, na mwanawe hakulijua kabisa. Dago ilikuwa na siku ya kuondoka na siku ya kurudi ambazo hata mtoto mdogo alizijua. Ilikuwa na masurufu yaliyoachwa. Ilikuwa na mtu aliyewekwa badala. Kijana alichukua ruhusa ya baba yake ya kutokuwepo, akaacha yale matatu yaliyoifanya ruhusa hiyo ivumilike. Saa tatu za mtu asiyejulikana yuko wapi zinamtesa mwenye mimba kuliko wiki mbili za mtu ambaye kila kitu chake kinajulikana. Ndiyo maana sikupoteza muda kujadili ni saa ngapi kwa wiki mwanamume anaruhusiwa kucheza. Swali hilo halina jibu, na wenye kulijibu huwa wanapiga ramli.

Kuna jambo moja ambalo simtetei. Tanga la zamani lilikuwa limechakaa, na wenzake walikubaliana kila mtu atoe 120,000 kununua kitambaa kipya. Yeye alitoa mwezi wa Mei, kimya kimya, kutoka katika fedha ambazo yeye na mkewe walikuwa wakiweka kwa ajili ya mkoba wa kujifungulia: khanga, beseni, mpira wa kutandika, glovu, pamba, nepi, na akiba ya gari usiku. Alikusudia kuzirudisha Julai wageni wakijaa na bahshishi zikianza. Mke aligundua Juni, siku moja kabla ya ile ya Kivunge, na hakusema. Ukiyaunganisha hayo mawili unaelewa kwa nini simu isiyopokelewa ilimuuma namna ile. Fedha zile alizirudisha zote, lakini kwangu hili lilikuwa zito kuliko kutopokea simu, na nilimwambia hivyo.

Kwa mama mkwe nilitofautiana pia, kwa adabu yake. Kumtaka mwanamume afute kila kinachompa pumzi miezi mitatu kabla ya mtoto si usalama. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari la JAMA ulikuta kuwa karibu baba 1 katika 10 hupata dalili za sonona kati ya ujauzito wa mke na mwaka wa kwanza wa mtoto. Watu wetu huliita uvivu au ukorofi, na mwenyewe haliiti kitu, anakwenda maskani. Sisemi kijana huyu alikuwa mgonjwa. Nasema mwezi wake wa kukaa bila bahari haukuwa mwezi wa mtu mzima wa afya, na mtu wa hali ile hafai kuachiwa mtoto mchanga saa nane usiku. Na wakwe zake ni watu wa dini, hivyo niliwakumbusha kisa wanachokijua cha Salman na Abu Dardaa: Abu Dardaa alizama katika ibada mpaka mkewe akaacha kujipamba, na Salman akamwambia kuwa nafsi ina haki yake na ahli wana haki yao, kila mwenye haki apewe. Kama ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya mke, ngalawa ni nini? Lakini nafsi nayo ilitajwa pale. Mama mkwe alinyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu.

Niongeze pembeni: kati ya michezo ya wanaume niliyowahi kuisuluhishia, ya bahari ndiyo rahisi kupangika. Mwezi huwezi kuuhonga. Anayenishinda ni mpenzi wa ligi ya Uingereza kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, ambaye mechi zake haziishi na siku hizi kila mechi ina mkeka wa kubeti ndani yake. Huyo hana maji mafu.

Kalenda

Kikao cha pili kilifanyika nyumbani kwao Nungwi, wiki ya 32. Mke aliitoa ukutani kalenda ya duka, ile yenye tarehe za kizungu kwa maandishi makubwa na za Kiislamu kwa madogo, akaiweka juu ya jamvi pamoja na kadi ya kliniki na kalamu mbili. Ni mwalimu, kikao kikageuka darasa na mimi sikukizuia.

Kwa kalamu nyekundu aliandika kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio 8 katika mimba moja, na yaliyobaki yakishafika wiki ya 30 ni ya wiki 34, 36, 38 na 40; kwake yaliongezwa ya kupima presha. Kisha akampa mumewe kalamu ya buluu. "Andika maji."

Mume alianza kwa dharau kidogo, kama mtu anayeandika alfabeti. Mwandamo, siku nne. Mpevuko, siku tano. Mwandamo tena. Alipofika Septemba mkewe alikuwa ameinama juu ya karatasi anafuata kidole, akauliza: "Kwa hiyo hii ilikuwa inajulikana siku zote?" Akamwambia ndiyo. "Hata mwaka jana?" Ndiyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyeibiwa. Miaka miwili alikuwa akikaa na ratiba ya mumewe ukutani, imeandikwa kwa herufi ndogo, na hakuna aliyemwonyesha.

Kalenda ikaonyesha na jambo jingine. Resi kubwa ya mwisho wa kusi, ile waliyonunulia tanga, iliangukia mwishoni mwa Agosti. Wiki ya 38.

Mume alisema tarehe ya matarajio ni Septemba, kuna nafasi. Hapa nilimkatiza. Ile tarehe ya kwenye kadi ni makadirio. Mtoto kama 1 katika 20 ndiye anayezaliwa siku ile ile, na kuanzia wiki ya 37 kuzaliwa wakati wowote si ajabu. Kweli mimba za kwanza nyingi hupitiliza, ila huwezi kuitegemea "nyingi" ukiwa katikati ya maji na upepo wa kusi.

Walichokubaliana, kwa maneno yao, ni haya. Mpaka wiki ya 36 ataingia majini siku tatu za kila bamvua, zimetiwa duara, na magharibi yuko nyumbani. Simu itakwenda naye ndani ya ule mfuko usioingia maji wanaovaa wageni shingoni, na hawatapita mahali ambapo mtandao unakatika. Mtu wa mwisho kuondoka pwani anajua nyumba iko wapi. Wiki ya 37 hadi mtoto azaliwe hakuna bahari, resi ikiwemo. Maskani isizidi saa mbili usiku, bamvua au maji mafu. Hili alilisisitiza mke kuliko la ngalawa. Fedha za gari zikawekwa bahasha, akapewa jirani mwenye gari mapema, maana kumtafutia mtu nauli saa tisa usiku ni kumtafutia kisingizio. Na mume akamwendea bosi wake Julai kuomba likizo yake ya mwaka ianze mwanzoni mwa Septemba. Siku anazopewa baba kisheria mtoto akizaliwa ni chache mno, na hoteli zikijaa wageni, fundi viyoyozi asiyeomba mapema hapewi hata hizo kwa moyo mmoja.

Shea yake alirudishiwa. Yule mwenzake wala hakuwa ameihesabu kuwa ameinunua. Sharti lilikuwa kazi: kitambaa cha tanga kilikuwa kimeshanunuliwa na hakuna mwenye subira ya kukishona. Basi tanga likaletwa nyumbani. Nilipopita wiki ya 35 lilikuwa limejaa ukumbi mzima, mke kakaa kwenye godoro ukutani miguu kaiinua juu ya mto, anasahihisha madaftari, na ncha moja ya tanga imemfunika mpaka magotini. Mume anavuta uzi, anakaza mshono kwa meno. Kila baada ya muda mke anamwambia, bila kuinua macho, kuwa mstari umepinda. Na kweli ulikuwa umepinda.

Yaliyofuata

Nafasi ya kwenye mrengu akapewa kijana wa miaka 19 ambaye mume alimfundisha mwenyewe. Siku ya resi mume alisimama ufukweni na simu mkononi. Wakawa wa nne, kwa sababu kijana alichelewa kurudi ndani mara moja tu. Mume alirudi nyumbani akakaa siku mbili bila kusema vizuri na mtu. Somo aliniita kwa wasiwasi; nilimwambia amwache. Mtu aliyeshindwa resi ana haki ya kununa, mradi madumu yanajazwa. Madumu yalikuwa yanajazwa.

Uchungu ulianza baada ya siku tisa, saa saba usiku. Gari lilikuwa mlangoni kabla mke hajamaliza kufunga mtandio. Mtoto wa kike, salama, presha ikiangaliwa mpaka mwisho. Siku ya saba wakachinja mbuzi mmoja, akapewa jina.

Arobaini ilikuwa Mkwajuni, kama desturi ya mtoto wa kwanza, na hapo ndipo mpango wetu ulipoonyesha tundu. Hatukuwa tumeizungumza arobaini kabisa. Mume alinipigia: mke yuko kwao, mama yake anamkanda na kumpikia, bamvua imeingia, mimi kazi yangu nini? Si swali la kijinga. Nilimjibu kuwa mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na kati ya kunyonya na kunyonya kuna kucheuliwa, kubadilishwa na kubembelezwa, ambayo hayahitaji ziwa. Na kwamba mama mkwe wake ni mtu wa miaka 58 ambaye halali. Akawa anakwenda jioni baada ya kazi, anakaa na mtoto mpaka usiku wa manane, bibi analala. Wiki ya nne mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemwambia: "Baba, leo si maji yenu? Nenda, kesho njoo mapema." Somo alinisimulia hili mara mbili, kwa kuwa alikuwepo na bado haamini.

Kuna la mwisho ambalo mimi sikuliona, na wala hakuna aliyeliona katika vikao vyote viwili. Kabla ya mimba mke alikuwa katika kikundi cha kasida cha wanawake, wanakutana Alhamisi jioni. Aliacha mwezi wa nne wa mimba, kichefuchefu, kisha uchovu, kisha presha. Tulimjadili mume na mchezo wake kwa miezi. Mke hatukumuuliza kama na yeye ana wake. Alilisema mwenyewe mtoto akiwa na miezi mitatu, tena kwa kutumia kalenda ile ile: aliitoa ukutani, akatia duara nyekundu kwenye kila Alhamisi, akairudisha, akaenda kupika.

Mume aliiona usiku. Mazoezi ni ya saa moja na nusu, nyumba ya kikundi ni mitaa miwili, mtoto ananyonyeshwa kabla na baada. Alhamisi ya tatu ikaangukia bamvua, kaskazi limeshaanza kuvuma, ngalawa imetengenezwa ndubi mpya, vile vielea vya pembeni, na wenzake wanamngoja kuijaribu. Akaja kuniuliza kama hilo nalo linajadilika. Nilimwambia akamuulize mwenye kalamu nyekundu. Jibu alilopata ni kwamba bamvua ina siku tano na Alhamisi ni moja. Wenzake wakaijaribu ngalawa Ijumaa, baada ya sala.